Goti Jipya, Pikipiki Ileile: Mwongozo Kamili wa Kurudi Barabarani Baada ya Kubadilishwa Goti

Wiki ya tano baada ya upasuaji niliamua kuisogeza pikipiki. Kuisogeza tu, si kuiendesha. Nilitaka kufagia nyuma yake. Nilikuwa nimeshatupa gongo ndani ya nyumba, ngazi nazipanda, na nilijiona mzima. Nikashika usukani, nikaegemeza tangi pajani, nikavuta kinyumenyume. Ikaja vizuri hatua mbili, kisha tairi la mbele likakata upande na uzito wote ukaniangukia kushoto, upande wa goti jipya. Mguu haukuuma wala haukuteleza. Uliniachia tu, kama bawaba isiyo na komeo, na pikipiki ikalala taratibu juu ya ndoo ya kuoshea.

Tangu siku ile nawaambia wapanda pikipiki wenzangu jambo moja: chombo kikiwa mwendoni, goti halina kazi kubwa. Kazi inaanza kinaposimama, kwenye taa, kwenye kilima, kwenye kokoto, unapokipanda, unapokishuka na unapokirudisha nyuma. Watu wengi huuliza "nitaendesha lini?" wakati swali lenye faida ni "lini mguu huu utaweza kubeba pikipiki inayotaka kuanguka?" Mpangilio wa mwongozo huu unafuata swali hilo la pili. Majuma nitayataja, lakini aliyekupasua ndiye anayejua alichokikuta ndani, na neno lake lipo juu ya langu.

Kabla ya kulazwa

Fahamu kwanza unachofanyiwa. Daktari wa mifupa hukata tabaka jembamba lililolika mwishoni mwa mfupa wa paja na juu ya mfupa wa muundi, akavika vifuniko vya chuma, na katikati akaweka kipande cha plastiki ngumu ili vyuma visisagane. Wakati mwingine pia ya goti nayo huwekewa kitufe cha plastiki kwa nyuma. Ili kufika huko, lazima apite kwenye msuli mkubwa wa mbele ya paja au pembeni yake. Msuli huo ndio unaolifunga goti unaposimama, na baada ya upasuaji huwa kama umezimwa swichi. Ndiyo maana mguu wangu uliniachia bila kuuma.

Kwa hiyo anza kuuimarisha mapema, wiki kadhaa kabla ya tarehe. Kaa kitini na usimame bila kutumia mikono, mara kumi kumi, kadiri maumivu yanavyokuruhusu. Kama unavuta sigara, acha. Moshi huchelewesha kidonda kupona. Kama una kisukari, hakikisha sukari imetulia. Jino bovu litibiwe, na linda ngozi ya mguu, kwa sababu hata mchubuko wenye usaha unaweza kuahirisha upasuaji.

Kisha fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Kaa juu ya pikipiki yako ikiwa kwenye stendi ya kati, miguu kwenye vikanyagio, na mtu akupige picha kutoka ubavuni. Pima pembe ya goti kwenye picha hiyo. Pikipiki za kuketi kama kwenye sofa, vikanyagio vikiwa mbele, hukunja goti nyuzi 80 hadi 90 hivi. Za kukaa wima huhitaji kidogo zaidi ya hapo. Zile za mbio, ambazo unakunjamana kama panzi, zinaweza kuvuka nyuzi 110. Mpelekee picha hiyo daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Ukimwambia tu "naendesha pikipiki" hajui unamaanisha nini. Akiona pembe anajua mnafanyia kazi nini. Na usiahidiwe mbingu: goti lililokuwa gumu sana kukunjika kabla ya upasuaji mara nyingi halikunjiki kama la kijana hata likibadilishwa.

Mwisho, iandae pikipiki yenyewe. Chomoa waya wa betri, jaza tangi, ipaki kwenye stendi ya kati huku uso ukielekea mlangoni. Mimi niliipaki uso ukutani, na matokeo umeyasoma hapo juu. Ufunguo mpe mtu asiyekuonea haya.

Wiki mbili za mwanzo

Watakusimamisha siku ileile au kesho yake. Utashtuka, lakini goti bandia limewekwa ili likanyagiwe, na kulala sana ndiko kunakoleta damu kuganda. Utaanza na fremu ya kutembelea, halafu magongo. Kwenye ngazi kariri hivi: mzima hupanda, mgonjwa hushuka. Ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza uliopasuliwa.

Sisi wapanda pikipiki tuna kosa letu la pekee katika kipindi hiki: tunahangaikia kukunja na kusahau kunyoosha. Goti lisilonyooka kabisa halifungi, na goti lisilofunga linategemea msuli kila sekunde unaposimama. Sasa fikiria umesimama hivyo ukiwa umeshikilia kilo 180 za chuma. Usiweke mto chini ya goti hata kama unapata raha. Mto uweke chini ya kisigino, goti libaki likining'inia hewani lijinyooshe kwa uzito wake. Dakika kumi za hivyo ni ndefu kuliko unavyodhani. Mimi nilikuwa nikihesabu matone ya bomba.

Mazoezi yenyewe ni manne, na hayana fahari yoyote. Chezesha kifundo cha mguu juu na chini, mara nyingi kwa siku, ili damu itembee. Kaza msuli wa paja huku ukigandamiza goti kitandani, shikilia kwa kuhesabu hadi tano, achia. Telezesha kisigino kuelekea makalio, hadi pale panapokaza, kisha ongeza kidogo tu. Na nyanyua mguu mzima ukiwa umenyooka. Hili la mwisho siku ya kwanza huenda usiweze. Unaupa mguu amri na mguu unakutazama tu. Endelea kutoa amri; siku moja utanyanyuka.

Meza dawa ya maumivu nusu saa au zaidi kabla ya mazoezi, si baada ya kuumia. Barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa juu kuliko moyo, hupunguza uvimbe. Usiogope ukiona weusi na umanjano vikiteremka pajani hadi kifundoni. Ni damu ya ndani inayoshuka kwa uzito wake. Mishono au pini huondolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Dawa ya kuzuia damu kuganda itumie siku zote ulizoandikiwa, hata ukijisikia vizuri.

Yapo mambo ambayo hayasubiri asubuhi. Shavu la mguu likivimba na kuuma kwa namna mpya, piga simu siku hiyohiyo. Pumzi ikikata ghafla, au kifua kikichoma unapovuta hewa, nenda kwenye huduma ya dharura papo hapo, kwa sababu huenda donge la damu limefika mapafuni. Homa, kidonda kinachotoa majimaji au usaha, wekundu unaotambaa kila siku: hizo ni dalili za uambukizi, na uambukizi ukiingia kwenye goti bandia unaweza kulazimisha lifunguliwe upya.

Wiki ya tatu hadi ya sita

Hapa ndipo baiskeli ya mazoezi inapoingia, na kwa mtu wa magurudumu mawili ni faraja kubwa. Nyanyua siti juu kabisa. Usijaribu kuzungusha mzunguko mzima. Sukuma pedali mbele hadi ikatae, irudishe nyuma hadi ikatae, kama mtu anayebembeleza mtoto. Siku ya kwanza mimi nilipata robo tu ya mzunguko kila upande. Siku kadhaa baadaye, nikiwa nasukuma kinyumenyume, pedali ikapita pale juu yenyewe, na nilipiga kelele hadi fizio akaja kuangalia kulikoni. Kurudi nyuma mara nyingi hutangulia kwenda mbele. Ukiweza kuzungusha siti ikiwa juu, ishushe kidogo kidogo. Kila sentimita unayoshusha inadai goti likunjike zaidi.

Wengi hufikia nyuzi 90 kabla ya wiki ya sita kwisha. Ukiwa umekwama mbali chini ya hapo, usikae kimya ukitumaini miujiza. Makovu ya ndani huzidi kukomaa, na madaktari huwa na dirisha la wiki chache la kukulaza kwa dawa ya usingizi na kulikunja goti kwa mkono ili makovu yaachie. Dirisha likipita, kazi huwa ngumu zaidi.

Mambo matatu yatakutia wasiwasi bure. Goti litatoa sauti ya "kli, kli" unapotembea. Ni chuma na plastiki vikikutana. Upande wa nje wa kovu utakuwa na ganzi, kwa sababu vijishipa vya fahamu vya ngozi vimekatwa, na sehemu ya ganzi hiyo inaweza kubaki daima. Na goti litakuwa na joto kuliko lenzake kwa miezi kadhaa. Usiku nao utakuwa mrefu, maana wengi hulala vibaya katika kipindi hiki kuliko hata wiki ya kwanza.

Ni kipindi hiki ndipo utaambiwa unaweza kuendesha gari, na moyo utakudanganya kwamba pikipiki ni hivyohivyo. Gari halikuangukii likisimama.

Kushoto au kulia?

Swali hili ndilo linalobadilisha kila kitu, na ushauri wa jumla wa hospitali mara nyingi hauligusi kwa upande wa pikipiki.

Kwenye karibu pikipiki zote za kisasa breki ya nyuma iko mguu wa kulia na gia ziko kushoto. Kama goti ulilopasuliwa ni la kulia, shida yako ya kwanza ni kasi ya kunyanyua mguu na kukandamiza pedali bila kusita. Nguvu tu haitoshi. Mguu unaouma husita sehemu ya sekunde kabla ya kukanyaga, na hutajua kwamba umesita. Shida ya pili ni kuurusha mguu huo juu ya siti: unahitaji kukunjika vizuri, vinginevyo kiatu kinagonga siti ya nyuma na wewe unayumba. Inamisha kiwiliwili mbele juu ya tangi kwanza, mguu utapita. Shida ya tatu ni kiki. Kupiga kiki kunalirushia goti mgongano wa ghafla, na injini ikirudisha kiki, goti linasokotwa. Tumia stata ya umeme. Kama pikipiki yako haina, iweke kwenye stendi ya kati, simama kando na upige kwa mguu mzima, au mwombe mtu.

Likiwa la kushoto, kama langu, gia hazina taabu. Kunyanyua lever ni kazi ya kifundo zaidi kuliko goti. Taabu iko chini. Tumezoea kusimama kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa kwenye breki, na tunapanda kutoka upande wa kushoto, uzito wote ukiwa juu ya mguu huo wakati mwili unageuka. Goti bandia linabeba mzigo wa kwenda chini vizuri sana. Kusokotwa halipendi. Usigeuze mwili mguu ukiwa umepandwa ardhini. Nyanyua kisigino uuzungushe mguu mzima pamoja na mwili. Mimi niliweka jukwaa dogo imara kando ya pikipiki, la kimo cha hatua moja ya ngazi, na kwa miezi miwili nilipandia hapo.

Namna ya kusimama pia nililazimika kujifunza upya. Unapunguza mwendo kwa breki zote mbili, na mita ya mwisho unaachia ya mguu, unabaki na ya mkono, kisha unaweka chini mguu wa kulia. Kwenye kilima breki ya mkono inatosha kukushika ukiwa umesimama. Zoezi hili ni dogo kwenye karatasi, lakini mwili wenye miaka mingi ya mazoea utaweka mguu wa kushoto bila kukuuliza. Rudia hadi mazoea mapya yashinde.

Waliopasuliwa magoti yote mawili wasubiri zaidi. Hawana mguu wa akiba.

Mtihani wa kujipima, wiki ya sita hadi ya kumi na mbili

Madaktari wengi huruhusu pikipiki kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, wengine hawataki kusikia kabla ya miezi mitatu. Ruhusa ikipatikana, bado jifanyie mtihani. Kwanza usiwe unatumia tena dawa kali za maumivu kama tramadol, kodini au mofini. Zinachelewesha akili hata ukijiona macho. Kisha, sakafuni: simama kwa mguu mpya peke yake sekunde kumi bila kushika kitu, inuka kitini bila mikono mara kumi, shuka hatua ya ngazi polepole, mguu mpya ukiwa ndio unaobaki juu na kukushusha bila kutetemeka. Hilo la mwisho ndilo lililonifelisha wiki ya nane.

Ukifaulu, hamia kwenye pikipiki, injini ikiwa imezimwa na stendi ya kati chini. Panda na ushuke mara kumi. Kanyaga breki kwa ghafla mtu anapopiga makofi bila kukutahadharisha. Badili gia zote. Halafu toa stendi, mtu mwenye nguvu ashike upande wa pili, na uiinamishe kidogo kidogo kuelekea mguu mpya, uirudishe. Ukihisi goti linataka kukuachia, rudi kwenye mazoezi wiki mbili nyingine. Bora ujue ukiwa nyumbani.

Kuhusu kurekebisha chombo, kuna mtego. Watu hukimbilia kushusha siti ili miguu yote ifike chini. Ni sawa, lakini vikanyagio havikushuka, kwa hiyo goti sasa linakunjika zaidi mwendoni. Ukishusha vikanyagio, goti linapumua, ila vitakwaruza lami mapema kwenye kona. Pima kwa picha kama ulivyofanya mwanzo, na uchague kinachokusumbua zaidi. Pedali ya breki na lever ya gia pia zinarekebishika kimo. Geuza kidogo hadi mguu uzifikie bila kulivuta goti. Na piga simu kwa kampuni ya bima kabla ya kutoka. Waulize waziwazi kama wanahitaji barua ya daktari.

Safari za kwanza

Ya kwanza iwe kwenye uwanja mtupu, mchana, ardhi kavu, bila abiria, dakika 15. Usizitumie kuzunguka; zitumie kusimama. Simama na uondoke mara ishirini. Angalia mteremko wa barabara pembeni: upande ulioinama uko mbali na mguu wako kuliko unavyoona, na sentimita tano hizo ndizo zinazoangusha watu.

Kesho yake asubuhi pima mzunguko wa goti kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya pia ya goti, mahali palepale kila siku. Kipimo changu kilikuwa hiki: likiongezeka zaidi ya sentimita moja, au maumivu yakilala na kuamka nami, nilizidisha na ninapumzika siku mbili. Likiwa lilelile, safari inayofuata naongeza dakika kumi. Unapofikia safari ndefu, simama kila dakika 45, shuka, tembea, nyoosha. Goti lililokaa kwenye pembe moja hukaza kama mlango uliovimba kwa mvua.

Kinga ya goti vaa, ila mkanda wake usikatize juu ya kovu. Mahali penye ganzi ngozi inaweza kuchubuka bila wewe kujua. Ukichubuka mguuni, hata kidogo, safisha siku hiyohiyo, kwa kuwa vijidudu vinaweza kusafiri na damu hadi kwenye chuma. Kuanguka kwako sasa kuna hatari ya ziada: mfupa unaweza kuvunjika pembezoni mwa kifaa, na mvunjiko wa namna hiyo ni mgumu kutibu kuliko wa kawaida. Kwa sababu hiyo mimi niliacha njia za matope na kuruka matuta, na sioni haya. Pikipiki ikilala, usiinyanyue peke yako katika miezi sita ya kwanza. Na ikibidi irudi nyuma, shuka uisukume ukiwa kando yake, au tafuta mtu; kuisukuma kwa miguu ukiwa umeketi ni mzigo mzito kwa goti.

Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea hadi mwaka mzima, na nguvu za paja nazo zinaendelea kurudi muda wote huo. Ukilitunza, takriban magoti bandia 8 katika 10 hufikisha miaka 25.

Kupiga magoti hakutaliharibu, lakini wengi hawakupendi. Ni kama kupigia goti juu ya sahani. Kwa kupaka mnyororo mafuta utahitaji kiti kifupi. Mimi nakalia ileile ndoo, nimeipindua, na upande mmoja umebonyea.